Don Fadrique Aliyevaa Gauni

Amri ilitufikia asubuhi, mimi nikiwa na pasi ya makaa mkononi, naipiga pasi suruali ile ile iliyokuja kukatazwa.

Ilikuwa suruali fupi ya mahameli nyeusi, ya kubana chini ya goti. Jusepa Robledo alikuwa ameivaa Valencia, akaivaa Zaragoza, akaivaa Madrid, na kila mji tulioupita tuliacha nyuma yetu wanaume wanaandika mashairi mabaya na wanawake wanajifunza kutembea upya mbele ya kioo. Watu hawakuja kumwona mumewe, ingawa mumewe ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi letu na ndiye aliyecheza wapenzi wote. Gaspar Tordesillas alikuwa mzuri wa sura, na habari hizo alizipata yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mimi ni Olalla. Nilicheza wajakazi, vikongwe na mama wakwe, na kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine nilishona kilichochanika.

Aliyeleta amri aliitwa Crisóstomo Ledesma, askari wa hakimu wa Toledo, mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa nyeusi tupu kuanzia shingoni hadi viatuni katika joto la Juni linalokausha mate mdomoni. Alipanda jukwaani na fimbo yake ya cheo, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu anayezika. Mwanamke yeyote asionekane jukwaani na mavazi ya kiume. Gauni lake liguse sakafu. Na mwanaume yeyote, mkubwa kwa mdogo, asionekane jukwaani na mavazi ya kike.

"Afande," Gaspar alisema, "huu mchezo unahusu mwanamke anayevaa nguo za kiume. Unaonyeshwa leo mchana. Toledo nzima inajua."

"Basi ubadilisheni."

"Tuubadilishe uwe nini?"

"Uwe wa mwanamke asiyevaa nguo za kiume."

"Sasa huyo atamfuataje mchumba wake hadi Sevilla?"

Ledesma alimtazama kwa huruma ya kweli. "Amfuate kwa nini? Akae nyumbani asali." Kisha akaelekeza fimbo kwenye benchi lililokuwa pembeni ya jukwaa, mahali wanapokaa wakubwa. "Nitakuwa pale. Nitaangalia pindo la gauni, kuanzia mwanzo hadi mwisho."

Akaondoka. Gaspar alizunguka jukwaa akijishika kichwa. Mara tuonyeshe mchezo wa mtakatifu aliyeishi pangoni. Mara yeye mwenyewe acheze nafasi ya mkewe, kisha akakumbuka kwamba mwanamke huyo katika sehemu ya kwanza yuko na gauni, na gauni kwa mwanaume nalo limekatazwa.

"Wametufunga mikono yote miwili," alisema.

"Ukiwaletea wanawake wa Toledo mtakatifu wa pangoni," nikamwambia, "watatuchuna ngozi tukiwa hai."

Jusepa alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa anakula zeituni, anatema kokwa uwanjani. Alimaliza zeituni zake, akafuta vidole kwenye gauni lake la nyumbani, akasimama. Akachukua upanga wa Gaspar ukutani.

"Mimi ni nani?" akauliza.

"Wewe ni mke wangu, na huo upanga urudishe."

"Hebu nitazame tena."

Akatembea. Sijui nikuelezeje. Gauni lilikuwa lile lile, la kijani kibichi, pindo likifagia mbao. Lakini mabega yaliingia mbele kana kwamba yana deni na dunia na dunia ndiyo inayodaiwa. Alisimama miguu mbalimbali, akakuna shingo, akatazama huku na huku kama mtu anayejiuliza ni kiti gani hapa kinachomfaa. Akaketi bila kuangalia nyuma, magoti kaskazini na kusini. Akamwambia Gaspar kwa sauti ya kifuani: "Kijana, niletee divai. Na ufanye haraka."

Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha kugeuka kwenda kuifuata hiyo divai.

"Watatuzomea," Gaspar alisema.

"Ng'o! Wewe kazi yako ni moja tu. Ukiniona, uone mwanaume. Usikonyeze watu, usicheke. Olalla naye hivyo hivyo. Sote tuone mwanaume."

Mchana ule ua wa michezo ulifurika. Wanaume walisimama chini uwanjani, wenye jua usoni wakijikinga kwa kofia. Wanawake walikuwa juu mkabala na jukwaa, kwenye roshani yao yenye mlango wake peke yake, ile ambayo kila mtu huiita Chungu, kwa sababu huko hutiwa kila kitu na kuchemka pamoja. Kuna mtu anayelipwa kwa kazi ya kuwashindilia humo. Husukuma kwa mgongo, nao humtukana mama yake na bibi yake, kisha wakishaenea huanza kutafuna njugu na kutupa maganda juu ya vichwa vya wanaume. Siku mchezo usipowapendeza, hutikisa funguo za nyumba zao wote kwa pamoja, na nimeona mchezaji mzima wa miaka hamsini akilia kwa sauti hiyo.

Ledesma aliketi benchini, fimbo katikati ya magoti, macho chini kwenye pindo.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Jusepa alikuwa Doña Casilda, aliyeahidiwa ndoa na Don Álvaro, na Don Álvaro, yaani Gaspar, akamkimbia hadi Sevilla. Casilda akalia, akaapa kumfuata. Hapo Chungu chote kikasogea mbele. Walijua kinachofuata. Walikuja kwa ajili ya hicho.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Jusepa akaingia na gauni la kijani.

Gauni liligusa sakafu. Juu yake kulikuwa na upanga kiunoni na kofia pana yenye unyoya. Alisimama katikati, akapiga hatua zake zile, akatema mate pembeni kwa ustadi, akatangaza: "Sevilla, mimi ndimi Don Fadrique, na atakayesema mimi si mwanaume ajitokeze tupigane."

Ledesma akainuka. "Kofia!" alisema. "Hiyo kofia ni ya kiume!"

Nyuma ya pazia nilifunga macho. Lakini Jusepa hakutoka katika nafasi yake hata kidogo. Alimwendea taratibu, kidole gumba kwenye mkanda, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Bwana mkubwa, una ugomvi na kofia yangu?"

"Ni amri ya..."

"Basi nishikie." Akaivua, akamwekea mapajani. "Na usiukunje huo unyoya."

Ledesma akaketi na kofia mapajani, asijue aiweke wapi, na akabaki nayo mpaka mwisho wa mchezo.

Gaspar akaingia. Lazima nimpe haki yake. Alikuwa amejikausha uso kama ubao. Akamtazama mkewe, na gauni, na nywele zilizosukwa, akasema: "Karibu Sevilla, kijana. Ndevu zako hazijaota, lakini naona moyo wa kiume."

Mwanaume mmoja uwanjani akapaza sauti: "Kijana gani? Si amevaa gauni!"

Na kutoka Chungu, sauti ya mwanamke, kali kama ya mwuza samaki: "We, funga bakuli lako! Huoni kama huyo ni mwanaume?"

Hapo ndipo ua wote ulipolipuka. Nimeishi jukwaani maisha yangu yote na sijasikia kicheko kama kile. Kilianzia juu, kikamwagika chini, kikarudi tena juu. Na wanawake waliung'ang'ania ule mchezo kama wao ndio waliotunga. Kila mwanaume aliyethubutu kutaja gauni alizomewa. "Gauni gani? Uko macho wewe?" "Kijana wa watu amevaa suruali yake safi, ya mahameli!" "Mwacheni Don Fadrique!"

Ikafika zamu yangu, mjakazi anayempenda Don Fadrique. Nilikuwa na mstari wangu wa siku zote: "Sijapata kuona kijana mwenye miguu mizuri namna hii." Miguu yenyewe haikuonekana hata ukucha. Nilipousema, nikiwa nimekazia macho lile pindo, nilisubiri kwa muda mrefu kabla ya kuweza kuendelea, maana hakuna aliyekuwa anasikia. Kuna mwanamke alikuwa anapiga roshani kwa kiatu. Hata yule mshindiliaji alikuwa amekaa chini analia.

Kisha likaja pambano la panga. Mchezo unasema Don Fadrique anashinda, na tulikuwa tumelizoea: hatua hii, pigo lile, Gaspar anaangusha upanga. Lakini siku ile niliona uso wa Gaspar ukibadilika. Alikuwa amevaa hariri nyekundu, ndevu zimepakwa mafuta ya waridi, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anamwangalia. Alipotakiwa kuangusha upanga, hakuuangusha.

"Gaspar," Jusepa alinong'ona.

"Pigana," akajibu kwa meno yaliyofungwa.

Akamsukuma nyuma kweli kweli. Jusepa alirudi hatua kwa hatua, gauni likimzinga miguuni, na asingeweza kulinyanyua kwa sababu macho ya Ledesma yalikuwa palepale kwenye pindo. Chungu kikaacha kutafuna njugu. Wanawake wanaijua hali ya kurudi nyuma umezingwa na gauni. Kisha nikamwona anatabasamu. Badala ya kukimbia lile gauni, akazunguka nalo, mzunguko mmoja mkubwa, na kitambaa chote kile cha kijani kikapanuka kama mwavuli na kumfunika Gaspar magotini. Gaspar akakanyaga joho lake mwenyewe, akaenda chini mzima mzima, na upanga wake ukateleza hadi miguuni pa askari.

Pindo halikuinuka hata upana wa kidole. Ledesma alikuwa ameinama kabisa kuhakikisha.

Mwishoni Casilda hujitambulisha. Jusepa akaweka upanga chini, akarudisha mabega yake ya kawaida, akasema kwa sauti yake nyororo: "Don Álvaro, mimi si mwanaume. Mimi ni Casilda wako."

"Uongo!" Chungu kikapiga kelele.

"Ni mimi, mwanamke!"

"Haiwezekani! Don Fadrique, usituache!"

Nyuma ya pazia Gaspar alivua joho akalibamiza ukutani. "Umenifanya kichekesho mbele ya Toledo nzima!"

"Nani aliyeacha kuangusha upanga?"

Kule nje walikuwa bado wanamwita Don Fadrique. Gaspar akajaribu kukunja uso, mdomo ukamsaliti, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya sanduku la nguo. Jusepa akaketi karibu naye, jasho linamtiririka.

"Miaka yote hii," Gaspar alisema akifuta macho, "nilidhani wanakuja kuiona ile suruali."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Jusepa akasema. Akaishika mikono yake mwenyewe, akaitazama kana kwamba imeletwa sasa hivi kutoka dukani. "Hata mimi, Gaspar."

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni Zocodover kununua uzi. Mwuza mayai alikuwa ameketi miguu kaskazini na kusini. Mwanamke aliyekuwa anapima jibini alitema mate pembeni, vibaya, yakaangukia kiatu chake, akarudia tena. Wasichana waliotoka kuteka maji walipishana, mmoja akamgonga mwenzake bega.

"Angalia njia, bwana mdogo!"

"Jitokeze tupigane!"

Wakashikana viuno kwa kicheko, mitungi ikayumba, maji yakawamwagikia. Bibi mmoja wa heshima, mwenye shela hadi machoni, alinipita akipiga hatua ndefu kama sajini. Wanaume walisimama milangoni kama watu walioamka wakakuta nyumba zao zimegeuzwa upande.

Kwa hiyo sikushangaa mchana Ledesma alipopanda jukwaani na amri mpya, ua umejaa hadi kwenye madirisha ya majirani.

"Mwanamke," alisoma, "licha ya kuvaa kike, ni lazima atembee kike."

Chungu kikaguna. Jusepa akasogea mbele, mikono imekunjwa kwa adabu. "Tumesikia, Afande. Ila kutembea kike ndiko kupi?"

"Unajua vizuri sana."

"Mimi nimetembea kwa miguu hii hii niliyopewa. Nikikosea jioni unanifunga. Basi nionyeshe mpaka uko wapi, ili nisiuvuke."

"Ni... hatua fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Kiasi." Akaonyesha kwa mikono. "Na... kwa utaratibu. Kuna namna ya bega."

"Bega lipi?"

"Onyesha!" akapiga kelele mtu wa uwanjani. Chungu kikadaka. "Onyesha, Afande! Onyesha!" Funguo zikaanza kutikiswa.

Ledesma alitazama kushoto, akatazama kulia. Nadhani alitaka tu kulimaliza. Akaegemeza fimbo yake ukutani, akavuta pumzi, akaenda hadi mwisho wa jukwaa, akageuka.

Akatembea.

Mtu huyu maisha yake yote alikuwa ameangalia mapindo. Kanisani, sokoni, kwenye maandamano ya Ekaristi. Alikuwa ameyaona yote, na yote aliyahifadhi mahali fulani ndani ya lile koti jeusi. Mkono wa kushoto ukashuka, ukainua gauni ambalo halikuwepo, kiasi tu cha kuepuka vumbi. Shingo ikarefuka. Alishuka ngazi ambayo haikuwepo, akahisi kuna mtu anamtazama, akajifanya hajahisi, kisha akapunguza mwendo kidogo, kidogo tu, ili yule mtu amalize kutazama. Mwishoni akageuza uso juu ya bega. Mwanamke wa miaka thelathini na tano, mzuri, mwenye mume mchovu, anayekwenda misa ya jioni; alikuwa pale, na suruali nyeusi na soksi za sufu na masharubu.

Hakuna aliyecheka. Sauti iliyotoka Chungu ilikuwa ya pumzi, kama pazia linalovutwa. Kisha mwuza makaa mmoja uwanjani, jitu zima, akavua kofia akasema kwa unyenyekevu: "Pita, bibi."

Hapo kelele zikapasua anga. "Mrembo huyo!" "Rudia, mwanangu!" Maua yakatupwa, na tini, na kiatu cha mtu. Ledesma alikuwa mwekundu kama pilipili, na masharubu yake yalikuwa yanatetemeka, nikadhani atalia. Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa hajazoea, maana kicheko kilimtoka kwa vipande vipande.

Ndipo sauti moja ikaja kutoka Chungu, juu ya zote. "Crisóstomo!"

Akaganda. "Brígida?"

"Ndivyo ninavyotembea mimi hivyo?"

Ua wote ukageuza shingo kusikiliza. Ledesma akakaza macho kule juu, penye shela nyingi, asijue ipi ni ya mkewe.

"Hivyo hivyo, mke wangu," akasema.

"Basi ninapendeza!"

"Sana," Ledesma akajibu. "Nimekuwa nikitaka kukwambia."

Nakwambia ukweli, hata wachezaji wenzangu, watu waliozoea machozi ya bandia, walitafuta leso. Halafu kutoka pembeni Gaspar akauliza, kwa ile sauti yake ya biashara, kama Afande angeweza kuturudia ile ya kugeuza uso. Akairudia. Akairudia tena.

Hakimu alipopata habari alimwita Ledesma na sisi pamoja naye. Alikuwa mzee mwenye usingizi, na alizipitia amri zake zote mbili kutafuta iliyovunjwa. Mwanamke alivaa gauni hadi sakafuni? Alivaa. Mwanaume alivaa gauni? La, mheshimiwa, alikuwa na suruali yake ya kazini. Mwanamke alitembea kike? Afande mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Hakimu akasugua paji la uso, akatuuliza nafasi gani ndani ya ua inapata kivuli wakati wa alasiri, na kesho yake tukamwona ameketi hapo.

Tuliondoka Toledo joto lilipopungua. Kwenye daraja la Alcántara tuliwakuta Ledesma na Doña Brígida wamekaa juu ya sanduku lao, nyumbu mmoja amefungwa pembeni. Fimbo ya cheo alikuwa ameirudisha kwa hakimu. Brígida alisema anajua kushona, kuimba na kugombana na wenye nyumba za wageni, nasi tulihitaji hayo yote.

Aliyepata hasara ni mimi, maana Ledesma alininyang'anya mama wakwe wote. Vikongwe pia. Akiingia na masharubu yake na suruali yake nyeusi, akafungua upepeo asiokuwa nao, watu walisahau kwamba niliwahi kucheza mjane hata siku moja. Nilinuna njia nzima hadi Ocaña.

"Shoga, umeshikwa na nini?" Jusepa aliniuliza, tumekaa nyuma ya mkokoteni, miguu inaning'inia.

"Mumeo amempa yule askari nafasi zangu. Nimebakiwa na wajakazi, na umri wangu huu."

"Tunahitaji hakimu wa mchezo wa kesho. Mkali, mnene, anayemhukumu Gaspar kunyongwa."

"Mimi?"

"Kwani nimemwambia nani, nyumbu?"

Kesho yake mchana, Ocaña, niliingia na gauni langu la kahawia, lile la kupikia, sina ndevu, sina kofia. Nilikwenda hadi kwenye kiti, sikuangalia nyuma, nikakaa. Nikapanua magoti. Nikakuna kidevu kilichokuwa kitupu, polepole, nikawatazama wanaume wa uwanja ule mmoja mmoja kama niliyejua walichofanya. Sikuwa nimesema neno bado.

Kule mbele, mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akajikongoja, akasimama kwa heshima, akamvuta na mwenzake asimame.